Yowe, Simu na Sikio la Jirani

Yowe halipigwi bure. Mtoto anayelipiga kwa mzaha hukemewa, na mtu mzima anayelipiga pasipo sababu hudhaniwa kuwa amepungukiwa na akili. Kwani yowe, au ukunga kama wasemavyo wengine, ni sauti iliyotengwa kwa ajili ya mauti, moto, nyoka, mwizi na dhulma. Likishapigwa, mambo mawili hutokea. La kwanza, aliye katika dhiki hupata tamaa ya kuokolewa. La pili, ambalo aghalabu hatulitii maanani, ni kwamba kila aliyelisikia huingia katika deni. Anaweza kutoka mbio na panga lake, anaweza pia kujifunika shuka na kugeukia ukutani, lakini hawezi tena kurejea katika hali yake ya mwanzo, hali ya mtu asiyejua. Kesho yake ataulizwa: wewe ulikuwapo, hukusikia?

Deni hili la aliyesikia ndilo ninalotaka tulitazame, msomaji, kwa sababu siku hizi tunaambiwa kila upande kwamba simu ya mkononi, intaneti na vyombo vinginevyo vya kisasa vitawakinga wanawake na watoto wa kike dhidi ya ukatili, au udhalilishaji kama tulivyozoea kuuita hapa visiwani. Si nia yangu kuubeza msemo huo. Nitaonyesha kwamba pana mahali ambapo umethibitika kuwa kweli. Ninachouliza ni kimoja tu: simu inapochukua nafasi ya yowe, lile deni la wenye masikio huenda wapi?

Tuchukue mahali pamoja ili fikra isielee hewani. Wasomaji wa visiwani yumkini wanaijua Tanga kuliko wanavyoijua milima iliyo nyuma yake. Milima hiyo ya Usambara imegawanyika mafungu mawili, na baina yao limepita bonde la Lwengera: magharibi iko Lushoto, na mashariki, upande wa Muheza, iko Amani. Chini ya Amani ndipo ilipo Sigi, penye mto wa jina hilo hilo, mto ambao maji yake hukingwa Mabayani na kunywewa na watu wa Tanga mjini. Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya kilimo hapo Amani mwaka 1902, njia ya reli ilijengwa hadi Sigi na kuishia hapo, kwa kuwa mlima ulikataa. Mpaka leo nyumba ya stesheni ingaliko, nayo ni lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Stesheni iko kiasi cha mita 450 juu ya usawa wa bahari. Amani kwenyewe ni kiasi cha mita 900. Katikati ni mpando, msitu, mashamba ya iliki na migomba, na mabonde yanayokunjana kama kanga iliyotupwa kitandani.

Katika nchi ya namna hiyo, yowe lina tabia zake. Usiku wa kiangazi huvuka bonde likafika ng'ambo. Usiku wa masika mto huunguruma ukalimeza lote. Na simu nayo, ingawa ni chombo cha kisasa, haikuepukana na tabia za mlima. Mawimbi yake hupenda uwazi. Kilima kikisimama katikati, nyumba ya upande huu hupata mtandao na nyumba ya upande wa pili hukaa kizani. Kwa hiyo swali la nani atasikilizwa na nani hatasikilizwa bado, kwa sehemu kubwa, ni swali la mahali mtu alipojenga. Serikali iliunda kwa sheria ya mwaka 2006 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara ipelekwe na kule ambako wafanyabiashara hawaoni faida. Nadhani huu ni uamuzi wa kimaadili kuliko ulivyo wa kibiashara, japo hauandikwi hivyo katika makabrasha.

Tuseme mnara umefika. Mwanamke anayepigwa ndani ya nyumba iliyo bondeni ana simu? Mara nyingi simu ni moja, na mwenye simu ni mume. Ikiwa anayo yake, salio latoka kwa nani, na nani huishika mkononi jioni na kusoma ujumbe mmoja mmoja? Chombo kile kile kinachosifiwa kuwa ni mlango wa kutokea huweza kuwa kitasa cha mlango. Hili si tatizo la Usambara peke yake. Hata katika miji mikubwa ya Ulaya wako waume wanaopachika programu za siri katika simu za wake zao ili wajue walikopita. Kisu hukata upande wa mwenye kukishika.

Hata hivyo ukosefu wa chombo si kiini cha jambo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inatamka waziwazi katika kifungu chake cha 66 kwamba, ijapokuwa mila yoyote inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga. Lugha haiwezi kuwa nyoofu zaidi ya hapo. Basi zaidi ya miaka arubaini baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta wameshuka hadi 27, na kwa hilo tushukuru. Lakini katika ule wa mwanzo mlikuwa na tarakimu nyingine iliyonishughulisha zaidi. Walipoulizwa ikiwa mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula, au kutoka bila ya kuaga, au kubishana naye, waliokubali angalau sababu moja walikuwa wanaume 40 katika 100 na wanawake 58 katika 100.

Hamsini na wanane. Maana yake ni kwamba yule jirani anayesikia kilio cha usiku, pengine ni mwanamke mwenzake, na sikio lake si bovu. Anasikia vyema. Ila kabla sauti haijafika moyoni, hupita penye mfasiri, na mfasiri huyo husema: hayo ni mambo ya mke na mume, kesho watapatana, nawe utabaki na aibu ya kuingilia. Kwa mwizi yowe ni yowe. Kwa mke, yowe hufasiriwa kuwa mazungumzo ya nyumbani yaliyopanda sauti kidogo.

Mtu asidhani kwamba hili ni gonjwa la watu wa mashamba. Mwezi wa Machi 1964, mjini New York, mwanamke mmojawapo, Catherine Genovese, alichomwa visu usiku karibu na mlango wa nyumba yake. Gazeti kubwa la mji ule likaandika kwamba watu 38 walishuhudia na hawakufanya kitu. Baadaye ilibainika kwamba habari hiyo ilitiwa chumvi. Walioona au kusikia kwa ukamilifu walikuwa wachache mno kuliko hao, na wako waliojaribu kusaidia. Lakini kisa hicho kilizaa mambo mawili. Wanazuoni wawili wa saikolojia, Darley na Latané, walifanya majaribio na kutangaza mwaka 1968 kwamba kadiri watu wanaosikia wanavyokuwa wengi, ndivyo kila mmoja wao anavyozidi kudhani kuwa mwengine atakwenda. Na kisa hicho kikatajwa sana katika madai ya kuwa na nambari moja fupi ya dharura kwa nchi nzima, nambari ya 911, ambayo ilipigwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari mwaka huo huo wa 1968, huko Alabama. Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyo ndugu. Moja lasema kwamba deni likigawanywa kwa wengi huyeyuka. La pili ni dawa yake: mpe mtu mmoja deni zima, mweke mezani, mlipe mshahara ili apokee simu.

Dawa hiyo ni nzuri, nasi tunayo. Ipo simu ya huduma kwa mtoto, nambari 116, isiyolipiwa, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na Serikali. Binti wa skuli anayenyemelewa na mtu wa nyumbani kwao anaweza kuipiga bila ya kujua jina la yeyote. Nchi ilikuwa imekwisha pata habari zake: utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 katika 10 hufanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa binti wa namna hiyo yowe halina kazi, kwa sababu anayemdhuru ndiye ambaye angelikuja mbio kulijibu. Anachokihitaji ni sauti inayoweza kunong'onezwa. Hapa chombo kimefanya kitu ambacho koo la mwanadamu haliwezi: kimefikisha mnong'ono mbali kuliko yowe.

Nijuavyo mimi, lakini, chombo cha kwanza kikubwa kilichobeba kilio cha mwanamke wa pwani kikakivusha nje ya kuta hakikuwa simu. Kilikuwa ni wimbo. Wapenzi wa taarab wanakikumbuka kisa cha Kijiti alichokiimba Siti binti Saad katika miaka ile ya kati ya vita viwili vya dunia. Mgeni, mwanamke kutoka Dar es Salaam, aliuliwa hapa Unguja kwa ukatili. Muuaji akavuka bahari akaponea bara. Na mahakamani walioumia ni wanawake waliofika kusema walilolijua. Mahakama ilifunga jalada lake. Wimbo haukufunga. Uliimbwa barazani na harusini, na miongo mingi baadaye marehemu Bi Kidude alikuwa bado akiuimba mbele ya watu ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa siku ya tukio. Siti ndiye pia, tangu mwaka 1928, aliyesafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri, na Shaaban Robert, mtu wa Tanga, ndiye aliyemwandikia wasifu wake. Wimbo wa Kijiti haukumrejesha marehemu, wala haukumfunga muuaji. Ulichokifanya ni kuuondolea mji mzima udhuru wa kusema: hatukusikia.

Hapo ndipo ninapoona kazi hasa ya chombo chochote katika jambo hili, kiwe santuri, simu, kamera au ramani. Kazi yake kubwa si kupaza sauti. Sauti zilikuwapo. Kazi yake ni kumnyima aliyesikia nafasi ya kukana.

Ramani nimeitaja kwa makusudi. Katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, ukeketaji wa wasichana ulikwisha kuharamishwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na hufanywa aghalabu mwezi wa Disemba, skuli zikifungwa. Wasichana waliokimbia walipokewa katika nyumba ya hifadhi ya Mugumu, chini ya Bi. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto. Lakini msichana akipeleka habari usiku kwamba kesho ni zamu yake, kijiji chake kiko wapi? Vitongoji vingi havikuwamo katika ramani yoyote. Tangu mwaka 2015, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, katika mradi uitwao Crowd2Map, walianza kuchora njia na nyumba kwa kutazama picha zilizopigwa na setilaiti, na wenyeji wakatia majina. Baadaye wako wanavijiji waliopewa simu za kisasa ili wapeleke taarifa. Mtu asiyefikiri ataona hapa ni habari ya kompyuta. Mimi naona habari ya udhuru. Askari aliyekuwa akisema, "Hatukupajua mahali," ameonyeshwa mahali.

Sasa nije kwenye neno ambalo sisi watu wa pwani hatuwezi kulikwepa, nalo ni sitara. Malezi yetu yanatufundisha kusitiri: aibu ya mtu haitangazwi, nguo chafu haianikwi barazani. Wengi wanaoona shaka kuhusu simu na kamera katika mambo haya hawatetei ukatili. Wanatetea sitara, na wana haki ya kusikilizwa. Ila hatuna budi kuuliza: sitara ya nani? Ndani ya nyumba moja mna siri mbili, na zimezoea kufunikwa kwa shuka moja. Iko siri ya aliyeumizwa, yaani mwili wake, jina lake, na machozi yake. Na iko siri ya aliyeumiza. Tulipokuwa na maneno ya mdomo peke yake, ilikuwa taabu kuifunua moja bila ya kuivua nguo na ya pili. Mwanamke aliyetaka haki alilazimika kusimama mbele ya wanaume mahakamani na kusimulia kila kitu, kila mtu akimtazama usoni. Wengi wakaona heri kunyamaza, nasi tukauita unyamavu huo ustaarabu.

Mashariki ya Kongo ilionyesha kwamba siri hizo zinaweza kutenganishwa. Katika kijiji cha Kavumu, jimbo la Kivu ya Kusini, baina ya mwaka 2013 na 2016, watoto wa kike kiasi cha 40, wengine wakiwa wangali wachanga, waliibwa usiku majumbani mwao na kunajisiwa. Wazazi waliamka asubuhi wakakuta kitanda kitupu. Hapakuwa na yowe. Waliotambua kwamba si misiba mbalimbali bali ni jinai moja inayojirudia walikuwa madaktari wa hospitali ya Panzi, Bukavu, hospitali ya Dakta Denis Mukwege aliyekuja kutunukiwa Nobeli mwaka 2018. Kila jeraha liliandikwa na kuhifadhiwa. Kesi ilipoendeshwa mwishoni mwa mwaka 2017, maneno ya watoto yalifika mahakamani kwa video iliyorekodiwa mapema, na mashahidi wengine wakafichwa nyuso na kubadilishwa sauti. Mbunge wa jimbo aliyekuwa nyuma ya kundi lile, na wenzake kumi, wakahukumiwa kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Watoto walisitiriwa, wahalifu wakafichuliwa. Sijui mfano ulio bora zaidi wa sitara katika zama zetu.

Na kinyume chake tunakiona kila wiki. Kijana aliyeachwa na mchumba wake huzisambaza picha zake za faragha katika simu za watu, na kufikia jioni mji mzima umezitazama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono; lakini nani aliyewahi kuona mkusanyiko wa watu mbele ya mlango wa kijana huyo, wakimwambia kwamba ameutia mji aibu? Aibu hupelekwa kwa msichana. Chombo ni kile kile kilichotumika Kavumu, ila siri imegeuzwa: ya aliyeumizwa imemwagwa, na ya aliyeumiza imehifadhiwa kwa kicheko.

Wako watakaosema kwamba nambari ya simu isiyotaja jina ni mlango wa fitna. Ni kweli kwamba fitna ipo, nayo ilikuwapo kabla ya waya na mawimbi. Ndiyo maana taarifa huchunguzwa. Lakini hofu hii huja kwa wingi ajabu pale anaposhitakiwa mtu wa heshima, wala sijaisikia ikitajwa anaposhitakiwa mwizi wa kuku.

Linalonitia wasiwasi mimi ni jingine. Ni kwamba nambari ya simu inaweza kumfungulia jirani deni lake. Zamani alijifunika shuka kwa haya, sasa anaweza kujifunika kwa dhamiri safi, akisema, "Wapo wanaohusika, wapigiwe." Na wanaohusika nao huandika taarifa, taarifa hujumlishwa, jumla huchorwa katika jedwali lenye rangi, na jedwali husomwa katika semina. Wakati huo huo wazee wa pande mbili wameshakutana, wamekula kiapo cha kutosema, wamepeana mbuzi na fedha kidogo, na siku ya kesi shahidi hatokei. Suluhu ya nyumbani ndiyo kaburi la kesi nyingi za namna hii, Bara na visiwani. Dhidi ya suluhu hiyo mashine haina hila. Inaweza kuhifadhi sauti ya binti miaka mia, lakini haiwezi kumkataza baba yake kupokea mbuzi.

Turudi Sigi. Tuseme mtandao upo usiku huo, tuseme binti ana simu na ameweza kunong'ona, na aliyepokea ameamini. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linatafutwa Muheza mjini, zaidi ya kilomita 20 kwa barabara ya mlima. Gari litahitaji mafuta, dereva na njia isiyoteleza. Na ikiwa ni mwezi wa Aprili, kila mtu wa pale anaijua hiyo njia. Itahitajika ile fomu ya polisi, PF3, ili daktari aandike alichokiona na jeraha lipate kusimama mahakamani. Hayo yote yakienda vyema yatachukua muda, na katika muda huo binti yumo ndani ya nyumba pamoja na yule aliyemkimbia kwa sauti tu, si kwa miguu.

Walio karibu ni wengine kabisa. Ni mwenye shamba la iliki wa upande wa chini, ni mwalimu wa skuli, ni mama anayekaanga maandazi alfajiri, ni balozi wa nyumba kumi. Nyumba zao haziko mbali, na ukuta wa udongo hauzuii sauti. Simu imekwisha andika saa na dakika ambayo binti alinong'ona. Watakapoulizwa, hawataulizwa kama waliona. Wataulizwa walikuwa wapi saa ile.